Capo, santista, wakagashira au ndota: genge la hadithi yako lipewe ngazi zipi?

Waandishi wengi wanaotaka kuweka genge la uhalifu kwenye riwaya au tamthilia hukwama mahali pamoja. Bosi wanaye, vijana wa kutumwa wanao, lakini katikati hakuna kitu. Pengo hilo hujazwa kwa vyeo vilivyookotwa kwenye sinema, na msomaji anapomkuta capo (mkuu wa kikosi cha mafia) Kinondoni anajua kwamba mwandishi hakufanya kazi yake.

Hapa tunalinganisha mifumo mitano ambayo mahakama, wapelelezi na mashahidi waliotoka ndani wameianika vya kutosha: Cosa Nostra ya New York, yaani mafia wa Marekani wenye asili ya Italia, 'Ndrangheta, mafia wa Calabria kusini mwa Italia, yakuza wa Japani, Namba za magereza ya Afrika Kusini, na mtandao wa ukoo wa aina iliyoonekana Mombasa. Ulinganisho huu ni wa mwandishi wa hadithi, lakini utamfaa pia mwanafunzi wa masuala ya uhalifu anayetafuta mfano wa kuchambua, na mwandishi wa habari anayeandika kuhusu kesi na anataka kujua neno lipi lina maana gani.

Kabla ya vigezo, shika jambo moja. Kila kundi lina ngazi mbili: ile inayotajwa kwenye kiapo, na ile inayoonekana pesa zinapogawanywa. Ngazi hizi mbili hazilingani hata siku moja. Ukiandika ya kwanza peke yake utapata chati ya ofisi. Hadithi inakaa kwenye nafasi iliyo kati yake na ya pili.

Vigezo ni vitano, na kila mfumo utapimwa kwa vyote. Mlango: nani anaruhusiwa kuingia, nani anamdhamini, na siku hiyo kinafanyika nini. Ngazi: vyeo vyenyewe na kazi zake. Pesa: zinapanda vipi, na kinachoshuka badala yake ni nini. Nguvu: nani anasikilizwa kweli, awe na cheo au asiwe nacho. Ufa: kundi huvunjikia wapi. Mwisho wa kila sehemu tunasema mfumo huo unamfaa nani.

## Cosa Nostra ya New York

Mlango. Baba wa mgombea lazima awe na asili ya Kiitaliano, na mwanachama mmoja lazima amdhamini. Kabla ya kiapo, jina lake huzungushwa kwa familia nyingine, yaani makundi mengine ya mafia mjini, ili mwenye pingamizi aseme mapema. Siku yenyewe kidole chake huchomwa, damu hudondoshwa kwenye picha ya mtakatifu, kisha picha huwashwa moto ikiwa viganjani mwake. Anaihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile huku akirudia maneno kwamba aungue hivyo hivyo siku atakayosaliti.

Kuanzia hapo yeye ni "amico nostro", rafiki yetu. Neno hilo dogo lina kazi kubwa. Mwanachama hawezi kujitambulisha mwenyewe kwa mwanachama mwingine. Lazima awepo wa tatu anayewajua wote wawili, naye atasema "huyu ni rafiki yetu". Mtu wa nje, hata awe tajiri kiasi gani, hutambulishwa kama "rafiki yangu". Kiwakilishi kimoja tu, "-etu" au "-angu", ndicho kinachoamua kama mazungumzo yaendelee au watu waanze kuzungumzia mpira. Kwa mwandishi wa Kiswahili hii ni zawadi, kwa sababu lugha yetu inaibeba tofauti hiyo bila kuhitaji maelezo.

Ngazi. Juu yuko bosi, kisha sottocapo ambaye ni makamu, na consigliere ambaye ni mshauri. Hao watatu ndio utawala. Chini yao wako macapo, kila mmoja na kikosi chake cha askari waliokula kiapo. Nje ya kiapo wako washirika, ambao mara nyingi ni wengi kuliko wanachama wenyewe. Mpangilio huu wa familia tano ulikaa sawa mwaka 1931, baada ya Salvatore Maranzano kuuawa Septemba mwaka huo na Lucky Luciano kuweka Tume ya mabosi mahali pa bosi mmoja wa wote.

Kosa linalorudiwa sana ni kumfanya consigliere kuwa wakili wa bosi. Kwa kanuni, kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya askari na kusuluhisha, hata pale mlalamikiwa anapokuwa capo. Ukimfanya mtu wa bosi tu, umepoteza mhusika pekee mwenye haki ya kupinga bila kufa.

Pesa. Mshirika hutoa kwa askari wake, askari kwa capo, capo kwa bosi. Mshahara haupo, na hili liandike kwa wino mzito: askari halipwi na familia, yeye ndiye anayeilipa. Anachopata ni ruhusa ya kutumia jina, kinga dhidi ya makundi mengine, na haki ya kuitiwa kikao cha usuluhishi akidhulumiwa. Mshirika hana haki ya kusema kikaoni. Lazima awe na askari wa kumsemea, na askari huyo atataka mgawo wake.

Nguvu. Hapa mfumo huu ni tajiri kuliko yote. Mfano wa kwanza ni Jimmy Burke, mtu wa asili ya Kiayalandi, ambaye kwa sababu hiyo hangeweza kamwe kula kiapo. Ndiye anayetajwa kuwa mpangaji wa wizi wa Lufthansa kwenye uwanja wa ndege wa Kennedy, Desemba 1978, uliochukua karibu dola milioni 5 taslimu na vito juu yake. Vijana wengi wa Kiitaliano walimtegemea kwa mapato na walimwogopa. Pamoja na hayo yote, juu yake alikuwepo Paul Vario, capo wa familia ya Lucchese, ambaye ilibidi apewe chake. Mtu mwenye akili na fedha anakaa chini ya mtu mwenye cheo, na wote wawili wanajua. Hapo una riwaya nzima.

Mfano wa pili uko kileleni. Anthony Salerno alishtakiwa na kuhukumiwa kama bosi wa familia ya Genovese, kumbe alikuwa kivuli. Mwenye kiti alikuwa Vincent Gigante, aliyetembea mitaa ya Greenwich Village na joho la kuogea akijifanya mgonjwa wa akili, na watu wake walikatazwa kutamka jina lake. Waligusa kidevu badala ya kumtaja. Alihukumiwa mwaka 1997, na mwaka 2003 akakiri mahakamani kwamba ule ugonjwa ulikuwa wa kuigiza.

Ufa. RICO, sheria ya Marekani ya mwaka 1970 dhidi ya magenge ya uhalifu, iliifanya ngazi yenyewe kuwa ushahidi: ukithibitisha kwamba kuna taasisi, kwamba huyu ana cheo ndani yake, na kwamba ameshiriki mfululizo wa uhalifu wake, huhitaji kumkuta na bastola. Kesi ya Tume ilimalizika mwaka 1986, na Januari 1987 wakuu waliotiwa hatiani wakapewa miaka 100 kila mmoja. Ufa wa pili ni udhamini. Joseph Pistone, mpelelezi wa FBI, alikaa ndani ya familia ya Bonanno kuanzia 1976 hadi 1981 na alikuwa njiani kupendekezwa kwa kiapo. Alipoondolewa, Dominick Napolitano, capo aliyemkaribisha, aliuawa. Anayemleta mtu ndiye anayelipa.

Mfumo huu unamfaa mwandishi mwenye wahusika wengi wasio ndugu, anayetaka mvutano wa kazini: nani anapandishwa, nani anarukwa, nani anaficha mapato. Unahitaji wahusika saba angalau: utawala wa watu watatu, capo mmoja, askari wawili wanaoshindana, na mshirika mmoja mwenye uwezo kuliko wote.

## 'Ndrangheta ya Calabria

Mlango. Mlango hapa ni kitanda cha uzazi. Mtoto wa kiume wa mwanachama huitwa giovane d'onore, kijana wa heshima, tangu utotoni, na akifikia umri hubatizwa kwa ibada ya kundi. Wa nje anaweza kuingia, lakini atakaa muda mrefu akitazamwa, na kwa kawaida ndoa humkaribisha vizuri kuliko ujasiri.

Ngazi. Msingi ni 'ndrina, yaani ukoo. Koo kadhaa za mji mmoja huunda locale, ambayo kwa desturi hutakiwa kuwa na watu 49. Ndani yake kuna vyama viwili. Chama kidogo kina picciotto, camorrista na sgarrista. Kikubwa kina santista, vangelo, na wengine juu yao. (Camorrista hapa ni daraja tu, hana uhusiano na Camorra, mafia wa Napoli. Usiyachanganye.) Wa chama kidogo hatakiwi kujua nani yuko kwenye chama kikubwa wala kinachozungumzwa huko, kwa hiyo kijana anaweza kuishi nyumba moja na mjomba wake bila kujua ukubwa wake.

Shika tofauti moja ambayo waandishi wengi huikosa. Daraja la mtu huitwa dote, neno ambalo kwa Kiitaliano cha kawaida ni mali anayoingia nayo bibi harusi katika ndoa. Au huitwa fiore, ua. Dote ni ya maisha. Wadhifa ni kitu kingine: capo locale anayeongoza, contabile anayetunza fedha, crimine anayesimamia matendo ya nguvu, mastro di giornata anayepeleka habari kwa wanachama. Wadhifa hutolewa na kunyang'anywa. Kwa hiyo unaweza kuwa na mzee mwenye dote kubwa asiye na wadhifa wowote, na kijana mwenye wadhifa ambaye lazima asimame mzee huyo akiingia chumbani.

Historia ya Santa inafaa kutazamwa kwa karibu. Zamani sgarrista ndiyo ilikuwa mwisho wa ngazi, na mwanachama alikatazwa kushirikiana na mtu wa serikali. Miaka ya 1970 wakuu wachache waliunda daraja jipya, Santa, ambalo liliruhusu kukaa na Wamasoni, wanasiasa na maofisa. Lilikusudiwa watu 33 tu. Kila mwenye nguvu akalitaka, likatolewa ovyo, thamani ikashuka, na wakuu wakalazimika kuunda daraja la vangelo juu yake, kisha jingine juu ya hilo, na jingine tena. Vyeo navyo huwa na mfumuko wa bei. Kundi lolote utakaloandika, jiulize ni cheo kipi kimetolewa mara nyingi mno hadi wenye nguvu wamehamia kingine.

Novemba 2014, askari wa Carabinieri walitoa video ya siri waliyorekodi kaskazini mwa Italia: watu wazima wamesimama ndani ya chumba wakimpa mwenzao Santa, wakiapa kwa majina ya Garibaldi, Mazzini na La Marmora, mashujaa wa taifa lilelile wanaloliibia.

Pesa. Kila ukoo hufanya biashara yake, kokeini ikiwa kubwa kuliko zote, na locale ina mfuko wa pamoja unaotunza familia za waliofungwa na kulipa mawakili. Hakuna mto mmoja wa fedha unaopanda hadi kwa mtu mmoja juu. Ukiandika bosi mkuu anayekusanya kutoka Calabria nzima, umeandika kundi jingine.

Nguvu. Mwaka 2009 Domenico Oppedisano, mkulima wa Rosarno aliyekaribia miaka 80, alichaguliwa capo crimine, cheo cha juu kabisa, na kuthibitishwa kwenye madhabahu ya Bikira Maria wa Polsi, San Luca, ambako wakuu hukutana kila Septemba. Alikamatwa Julai 2010. Kazi yake ilikuwa kulinda kanuni na kupatanisha kanda tatu, si kuamrisha biashara. Koo zenye bandari na mizigo zilimheshimu, kisha zikaendelea na shughuli zao.

Upande wa pili, mtu anayejaribu kugeuza heshima kuwa amri hupata jibu. Carmelo Novella, mkuu wa Lombardia, alitaka makundi ya kaskazini yajitenge na Calabria. Alipigwa risasi ndani ya baa Julai 2008. Oktoba 2009 wakuu wa Lombardia walikutana Paderno Dugnano kumchagua mrithi, na kamera ya Carabinieri iliwanasa wameketi mezani wakipiga kura kwa kunyoosha mikono. Ukumbi ulikuwa wa kituo cha wazee chenye majina ya Falcone na Borsellino, mahakimu waliouawa na mafia wa Sicilia mwaka 1992. Kuliona tukio hilo kunauma.

Ufa. Damu hulinda, kwa sababu anayetoa ushahidi anamfunga baba yake. Ndiyo maana mashahidi kutoka ndani walikuwa wachache kuliko Sicilia. Lakini damu hiyohiyo huendeleza visasi: ugomvi wa San Luca ulioanza mwaka 1991 kwa mzaha wa kurushiana mayai wakati wa kanivali ulifika Duisburg, Ujerumani, tarehe 15 Agosti 2007, watu sita wakauawa nje ya mgahawa. Na wanawake, wasio na daraja lolote kwenye chati, ndio wanaojua kila kitu. Giuseppina Pesce, binti wa ukoo wa Rosarno, alianza kuzungumza na waendesha mashtaka mwaka 2010 na ukoo mzima ukatikisika.

Mfumo huu ni wa mwandishi wa hadithi ya familia: vizazi vitatu, harusi, mazishi, siri ndani ya nyumba moja. Chora mti wa ukoo kwanza, vyeo baadaye.

## Yakuza wa Japani

Mlango. Damu haiulizwi. Wengi walitoka kwenye jamii zilizobaguliwa, wakiwemo Wakorea waliozaliwa Japani na burakumin. Kijana huanza kwa kuishi ofisini au nyumbani kwa mkubwa wake: anafagia, anapokea simu, anafungua mlango wa gari. Akikubalika hufanyiwa sakazuki, ibada ya kunywa sake (pombe ya mchele) mbele ya madhabahu ya Shinto. Mkubwa ananywa, mdogo anamalizia, na kikombe kinabaki kwake.

Ngazi. Lugha yote ni ya kifamilia. Oyabun ni baba, kobun ni mwana. Kwenye kundi, kumicho ni mkuu, wakagashira ni kiongozi wa "wana" na kwa kawaida ndiye mrithi, shateigashira ni kiongozi wa "wadogo" wa mkuu. Ndugu nao hupimana kwa kikombe: nusu kwa nusu kama ni sawa, sita kwa nne au saba kwa tatu kama mmoja ni mkubwa. Wala si kundi moja, ni piramidi juu ya piramidi: mkuu wa kundi dogo la mtaa ni baba kwa vijana wake, na kesho yake asubuhi ni mwana anayeinama makao makuu.

Pesa. Ada ya kila mwezi hupanda kutoka kundi la chini kwenda la juu, mvua inyeshe isinyeshe, pamoja na michango ya mazishi na ya kumpokea anayetoka gerezani. Kinachoshuka ni nembo. Aliyebeba nembo ya Yamaguchi-gumi, kundi lililoanzia Kobe mwaka 1915, hakuhitaji kupaza sauti dukani.

Nguvu. Kazuo Taoka, mkuu wa tatu wa Yamaguchi-gumi, alipofariki mwaka 1981, na mrithi aliyetarajiwa naye akafariki miezi michache baadaye, aliyeshika usukani hadi mkuu wa nne akapatikana ni mjane, Fumiko Taoka. Hakuna chati ya yakuza yenye nafasi ya mjane. Chaguo lilimwangukia Masahisa Takenaka mwaka 1984. Waliokataa wakajitenga wakaunda Ichiwa-kai, Januari 1985 wakamuua, na vita vikaendelea hadi 1989.

Ufa. Uwazi wao uliwageuka. Walikuwa na ofisi zenye kibao mlangoni na kadi za biashara zenye cheo, hivyo sheria ya mwaka 1992 ilijua pa kugonga, na kufikia 2011 kanuni za mikoa yote zikazuia hata wafanyabiashara kuwahudumia. Marekebisho ya mwaka 2008 yaliruhusu mkuu adaiwe fidia kwa unyang'anyi uliofanywa na watu wa chini. Mwaka 2021 mahakama ya Fukuoka ilimhukumu kifo Satoru Nomura, mkuu wa Kudo-kai, bila ushahidi wa amri ya moja kwa moja. Hoja ilikuwa kwamba katika kundi lenye utii wa namna ile haiwezekani mambo hayo yafanyike bila yeye. Rufaa ya mwaka 2024 iliigeuza kuwa kifungo cha maisha. Wanachama na washirika walikuwa karibu 184,000 mwaka 1963; mwishoni mwa 2023 walibaki karibu 20,400. Vijana wa leo huajiriwa kupitia mitandao ya kijamii na watu wasiowajua, kwa kazi moja moja, bila kikombe wala baba.

Unamfaa anayeandika juu ya utii, aibu na uzee wa taasisi: mzee wa miaka 70 ambaye bado anaandaa karamu, na hakuna kijana wa kumfungulia mlango.

## Namba: 26, 27 na 28

Mlango. Uko ndani ya gereza, kwa magenge yote matatu yanayojiita kwa namba 26, 27 na 28. Asiye mwanachama huitwa frans; aliyeingia ni ndota, kutoka "indoda", mwanamume. Anayeingia huulizwa maswali kwa sabela, lugha ya mchanganyiko ya wafungwa, na lazima ajibu kwa maneno kamili. Kwa baadhi ya njia za kuingia hutakiwa kumwaga damu, mara nyingi ya askari magereza.

Ngazi. Ni jeshi la kufikirika: majenerali, makapteni, sajenti, hata daktari na hakimu, wote wakiwa na sare na nyota zisizoonekana ambazo mwenye cheo lazima aweze kuzieleza. Asili yake ni simulizi ya Nongoloza na Kilikijan, majambazi wa vilima vya Johannesburg mwishoni mwa karne ya 19, na mzee Po aliyewapa sheria zilizoandikwa kwenye ngozi ya ng'ombe dume na juu ya jiwe. Jiwe likavunjika, na pande mbili zikakosana juu ya sheria. Nongoloza alikuwa mtu halisi, Mzuzephi Mathebula, na mwaka 1912 alikubali kushirikiana na serikali. Kazi zimegawanywa: 26 hukusanya mali kwa ujanja, 27 hulinda sheria na kulipiza kwa damu, 28 hudai haki za chakula na mazingira, na ndani yao kuna mstari wa wapiganaji na mstari wa wanaofanywa "wake". Usiliandike hilo la mwisho kama kichekesho. Ni ukatili wa kingono uliopewa cheo.

Pesa. Ni ndogo: tumbaku, dawa za kulevya, chakula, simu. Kinachoshuka ni usalama wa kulala.

Nguvu. Ni kumbukumbu. Anayeijua simulizi yote bila kukosea neno ana mamlaka kuliko mwenye misuli. Hakuna mfumo mwingine unaompa msimulizi kiti cha juu namna hii, na kwa jamii zilizolelewa kwenye utendi na ngano, uzito wake unaeleweka mara moja.

Ufa. Ni lango la gereza. Kuanzia miaka ya 1990 wauza dawa wa vitongoji vya Cape Town walianza kudai Namba mitaani, wengine kwa fedha badala ya miaka ya kifungo. Mzee anatoka na cheo chake, anakuta kijana mwenye gari anavaa nyota zilezile.

Unamfaa mwandishi wa tamthilia ya jukwaani au ya redio, kwa sababu kila kitu kiko kwenye maneno, na chumba kimoja kinatosha.

## Mtandao wa ukoo: mfano wa Mombasa

Mlango ni undugu na biashara ya siku nyingi. Ngazi hazina majina: kuna baba, kaka mkubwa, mdogo, mshirika wa nje mwenye njia ya mzigo. Pesa hugawanywa kwa kila mzigo, kwa makubaliano mapya kila mara. Nguvu iko kwa mwenye namba za simu: anayemjua muuzaji upande wa pili wa bahari na ofisa wa upande huu. Ufa ni kifo cha mzee, na tamaa ya mteja mpya.

Ibrahim Akasha, mzee wa ukoo wa Mombasa uliofanya biashara ya dawa za kulevya, aliuawa Amsterdam mwaka 2000. Wanawe Baktash na Ibrahim walikamatwa Mombasa Novemba 2014 baada ya kutoa kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini kwa watu waliodhani ni wanunuzi, kumbe walifanya kazi na wapelelezi wa Marekani. Walisafirishwa New York mwaka 2017, wakakiri makosa 2018. Baktash alipewa miaka 25 mwaka 2019, mdogo wake miaka 23 mwaka 2020. Katika habari hiyo yote hakuna cheo hata kimoja, na hakikuhitajika.

Unamfaa anayeandika pwani yetu, kwa sababu utawala unasikika kwenye namna ya kuitana: nani anaitwa mzee, nani bro, nani anaamkiwa shikamoo na nani anaamkiwa mambo.

## Chagua kwa hali yako

Kama hadithi yako inahusu kupandishwa au kurukwa cheo kazini, chukua mpangilio wa New York, lakini hamisha mantiki yake tu: udhamini, mgawo unaopanda, mtu wa nje asiyeweza kuingia. Majina ya Kiitaliano yaache kwa Waitaliano.

Kama kiini ni siri kati ya mama, binti na mjomba, mantiki ya Calabria itakubeba, hasa ile tofauti ya daraja la maisha na wadhifa wa muda. Kama wahusika wako wanajenga undugu wa kuchagua, kwa mfano vijana wasio na wazazi wanaopata baba mtaani, tazama Japani. Ukifungia hadithi ndani ya kuta, nenda kwa Namba.

Kwa tamthilia ya runinga yenye bajeti ndogo na maonyesho ya Mombasa, Tanga au Zanzibar, mtandao wa ukoo ndio wa kweli na ndio rahisi: wahusika wanne au watano, nyumba mbili, boti moja.

Mwanafunzi anayetafuta jinsi sheria inavyogeuza cheo kuwa ushahidi asome kesi ya Tume ya 1986 sambamba na ile ya Nomura. Anayetafuta jinsi cheo kinavyopoteza thamani asome historia ya Santa pamoja na ya Namba zilizotoka gerezani kwenda mitaani.

Na kama bado unasita, usiandike jina la cheo chochote kwanza. Andika onyesho moja: fedha ziko mezani, watu sita wameketi. Amua nani anahesabu, nani anasubiri kuangaliwa ndipo anyooshe mkono, na nani hakuja lakini fungu lake limewekwa pembeni.